Kutembea Durban Upepo wa Septemba Unapoanza

Ninyi mnaorithi kabati la fimbo mmeniomba niwaandikie namna ya kuwatoa wanafunzi wapya mjini mwanzo wa majira ya machipuko. Mmesema ukurasa mmoja unatosha. Nimejaribu ukurasa mmoja na umenishinda, kwa sababu kila ninachokijua kuhusu Septemba ya Durban nilikipata kwa mtu fulani, na siwezi kukieleza nikamwacha huyo mtu nje. Basi someni taratibu, kama tunavyotembea.

Kwa atakayeokota maandishi haya bila kunijua: nilikuwa mwalimu wa kutembea. Niliwafundisha watu waliopoteza macho ukubwani kwenda wanakotaka kwa fimbo nyeupe, bila kushikwa mkono. Dada yangu kule Bujumbura hajawahi kuiamini kazi hiyo. Kila nikimpigia simu husema, "Espé, hata kuku hufundisha vifaranga kutembea, na hakuna anayemlipa." Namwambia kuku hajawahi kuvuka barabara ya Point saa ya watu kwenda kazini.

Sikuitafuta kazi hii. Nilifika Durban nikitokea kambi za wakimbizi za Kigoma, ambako ndiko nilikopata shule na hiki Kiswahili ninachoandika, nikaajiriwa kufagia na kupika chai kwenye kituo chetu. MaNgcobo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kutembea siku zile. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Asubuhi moja ya Septemba alinikuta nimesimama na ufagio nikimtazama mwanafunzi aliyekuwa anaelekea ukutani. Nilikuwa nimenyamaza.

"Mbona hukumwita?" akaniuliza.

"Fimbo yake itafika ukutani kabla yake," nikasema.

Akanitazama, akachukua ufagio mkononi mwangu, akauegemeza mlangoni. Kesho yake alinifunga kitambaa machoni, akaniteremsha kwenye gari pale njia ya watembea kwa miguu inapofuata ufuo, akanipa fimbo.

"Bahari iko upande gani?"

"Kushoto."

"Basi iache hukohuko kushoto. Twende."

Nilitembea nikidhani kila mtu ananitazama. Watu walinipita wakikimbia, pumzi zao zikija na kwenda. Mawimbi yalikuwa ukuta mrefu wa sauti, na nilipoanza kukaribia ukuta ule nilijua ninapinda. MaNgcobo alikuwa nyuma yangu, lakini sikumsikia hata mara moja, na kwa muda niliamini ameniacha. Nilipovua kitambaa nilikuta machozi yameloanisha upande wa ndani. Hakusema pole. Alisema, "Sasa unajua wanachokijua siku ya kwanza. Usikisahau."

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza la kufanya Septemba: wapelekeni ufuoni asubuhi, kabla upepo haujaamka. Baridi ya Julai imekwisha, mchanga bado ni wa baridi, wageni wa likizo hawajajaa. Bahari asubuhi ni mwalimu mpole. Inabaki mahali pamoja na haichoki kuongea.

Asubuhi tu, lakini. Mtu mwenye macho huona upepo wa Durban ni usumbufu wa nywele na kofia. Kwa mwanafunzi wetu, upepo wa kaskazini-mashariki unaoanza mwezi huu ni kama ukungu mzito. Unajaza masikio, unabeba sauti ya gari na kuiweka mahali pasipo na gari, unapeperusha harufu ya duka la mikate mpaka mtaa wa pili. Aliyekuwa anatembea vizuri mwezi wa Juni anaweza kusimama Septemba katikati ya njia aliyoizoea, akatetemeka. Msimwambie amerudi nyuma. Mwambieni mji umebadilika, naye ataujifunza upya kama mtu yeyote.

Upepo ukizidi, ondokeni ufuoni, mpande juu kwenye ile bustani kubwa ya miti ya zamani. Huko kuna miti inayotoa maua mekundu kabla ya kutoa jani hata moja. Wanafunzi hawaoni wekundu, lakini nyuki wanauona kwa niaba yao, na chozi pia, wale ndege wadogo wa kunyonya maua. Mti mzima unavuma. Nilikuwa nawaambia: nitafutieni mti unaoongea, mkaushike. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, walikuwa wanacheka kama watoto mkono ukigusa gome. Na msikilize juu: mwewe huwa wamesharudi kutoka kaskazini, wanalia kwa sauti inayotetemeka. Hawaulizwi makaratasi na mtu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, msifute somo. Tairi kwenye lami yenye maji husikika mapema kuliko kwenye lami kavu. Kuna mzee aliyekuwa fundi wa mashine kiwandani Jacobs, mtu mkali aliyekataa fimbo kwa miezi kwa sababu, alisema, fimbo inasema uongo kwamba yeye ni mgonjwa. Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba harufu ya viwanda vya Jacobs ikifika mjini, upepo umegeuka na mvua iko njiani. Alipokubali fimbo, aliitumia kama mtu anayepima ubora wa sakafu ya wenzake. Alilalamikia kila shimo la Durban kwa jina la mtaa. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana.

Na msiwafundishe kuhesabu hatua. Hili MaNgcobo alilirudia mpaka nikalichoka. Siku mtu akiogopa, hatua zake zinafupika, na hesabu inampeleka mahali pengine. Wafundisheni kilichopo: ukuta unaorudisha sauti ya fimbo, mwanya unaoimeza, cherehani, mafuta yanayochemka, redio. Mji unasimama kwa sauti za watu wanaofanya kazi zao mahali palepale kila siku. Nililisema hilo kwa miaka. Aliyenifanya nilielewe ni Jeannine.

Jeannine alitoka Bukavu. Alikuwa msusi kwenye saluni moja Point, chini ya yale maghorofa ya zamani upande wa bandari. Presha ya macho ilimla taratibu, kwanza pembeni, kisha katikati, na alipokuja kwetu hakuwa anaona hata mwanga. Vidole vyake vilikuwa vizima. Juma la kwanza alisuka darasa zima, pamoja na mpishi. Aliniambia, "Mwalimu, kusuka najua. Nifundishe tu kufika."

Maman Solange, mwenye saluni, alikuwa amemwekea kiti chake. Aliyekuwa na wasiwasi ni Faustin, kaka yake mkubwa, muuza nguo, ambaye Jeannine aliishi naye Greyville. Msimfikirie vibaya. Alikuwa anaamka mapema kumpikia dada yake uji, na alikuja kwenye kituo akiwa amevaa shati la kanisani ili kuzungumza nami.

"Mwalimu, baba yetu alishakufa," akasema. "Mimi ndiye nitajibu kwa mama. Jeannine akigongwa na gari, mama ataniuliza: wewe ulikuwa wapi?"

"Na asipogongwa?"

"Huo mji haumujui. Nimeshaongea na shangazi zetu Bukavu. Mwisho wa mwaka anarudi. Kule iko watu wa kumushika mkono."

Jeannine alikuwa amekaa pembeni, akiikunja na kuikunjua fimbo yake. "Kule watanikalisha mlangoni sawa mtungi," akasema. "Wageni wakija, wananisalimia. Wakienda, wananiaga. Ndiyo kazi nitakuwa nayo."

"Petite sœur, dada yangu mdogo, usiongee hivyo."

"Yaya," akamwita, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao, "niambie kama nadanganya."

Faustin alinyoosha kola ya shati lake. Kisha akatoa neno moja la mwanamume mwenye haki: akimwona kwa macho yake anashuka Point kwenye taxi, yale mabasi madogo ya abiria, na kufika saluni peke yake, bila mkono wa mtu, atawapigia simu shangazi na kuwaambia wasisubiri. Asipofika, tiketi ya basi itanunuliwa, nasi wawili hatutabisha. Jeannine akakubali kabla sijafungua mdomo.

Tulikuwa na Agosti yote na siku za kwanza za Septemba. Njia haikuwa ndefu. Ukishuka kwenye taxi unaufuata ukuta wa maghorofa kuelekea bandarini, bahari ikiwa kushoto nyuma ya majengo. Kwanza unakutana na duka la simu la Nestor, Mrundi mwenzangu, aliyekuwa na spika mlangoni inayopiga kwaya tangu anafungua mpaka anafunga. Ukimpita Nestor, majengo yanaachana na upepo wa baharini unakugonga sikio la kushoto. Hapo ni mtaa mdogo, unavuka. Upande wa pili kuna Mama Pendo anakaanga mandazi, kisha fundi viatu na nyundo yake, kisha saluni. Nestor, upepo, mafuta, nyundo, mlango. Jeannine aliimba mpangilio huo akiwa anaosha vyombo.

Shida haikuwa njia. Shida ilikuwa upendo. Wakongo na Warundi wa Point walimjua wote, na kwetu mtu haachi mgonjwa apite bila kumshika. Nestor alikuwa anatoka mbio dukani. Mama Pendo alikuwa anamvusha huku mwiko wa mafuta ukiwa mkono wa pili. Siku moja akina mama watatu wa kanisa lake walimbebea mkoba, kisha wakamnyang'anya hata fimbo, asichoke. Jeannine alibaki amesimama mikono mitupu akisema, "Merci, ba maman. Sasa nibebeni na mimi."

Nikaenda kuongea na mtaa. Nilipita mlango kwa mlango, nikawaeleza: msimshike, msimwite, msimwelekeze. Mwacheni apite kama mtu mwingine. Wengine walichukia. Mama Pendo aliniuliza kama huo ndio ukristo tuliofundishwa. Maman Solange ndiye aliyenisaidia. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, na akisema jambo Point, limesemwa.

"Niachie mimi," akasema. "Ile siku hakuna mutu atamugusa. Watampa heshima yake."

Nilimshukuru, nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi.

Siku ya siku, upepo uliamka mapema kuliko sisi. Mifuko ya plastiki ilikuwa inaruka juu ya robot, zile taa za kuongozea magari, na bati la tangazo mahali fulani lilikuwa linapiga bila kupumzika. Mimi na Faustin tulisimama ng'ambo ya barabara. Taxi ikasimama, Jeannine akashuka amevaa gauni la bluu, dereva akamwambia, "Sharp, mama," ikaondoka. Jeannine akakunjua fimbo, akaugusa ukuta, akaanza.

Nami nikaanza kusikia kitu ambacho sikukielewa mara moja. Nilikuwa nasikia viatu vyake. Ng'ambo ya barabara, katika upepo ule, nasikia viatu vyake.

Spika ya Nestor ilikuwa imezimwa. Nestor mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja mbele, kofia ameivua. Mama Pendo alikuwa ameepua karai, yuko wima nyuma ya meza yake. Fundi viatu amelaza nyundo mapajani. Kwenye vibaraza vya ghorofa watu wamejipanga, watoto wamezibwa midomo. Mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kwa ajili yake.

Kwetu mnajua ni wakati gani mtaa unanyamaza hivyo. Redio inazimwa, anayetwanga anaacha kutwanga, wanaume wanavua kofia. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, na walikuwa wamempa Jeannine bila kubakiza. Walikuwa wamemchukulia mji wake wote na kuuficha.

Alimpita Nestor bila kujua amempita. Nestor alifumba macho. Upepo ulipomgonga sikio la kushoto, Jeannine alisita. Nilijua anachofikiri: Nestor bado, kwa hiyo huu si mtaa mdogo, ni mlango wa gari tu. Akageuka kuutafuta ukuta. Hakuupata. Akageuka tena, na safari hii uso wake ulikuwa umeelekea barabara kubwa, sisi tuliposimama. Akaja. Hatua zake zilikuwa zimefupika.

"Mwalimu," Faustin akasema.

"Subiri."

"Mwalimu, anaingia barabarani!"

Nilimshika mkono wa shati. Fimbo ya Jeannine ikagonga ukingo wa barabara, ikashuka, ikarudi juu. Akasimama. Lori la bandarini likapita mbele yake na upepo wake ukalivuta gauni la bluu.

"Amesimama," nikamwambia Faustin. "Kusimama ni sehemu ya kutembea. Mwache afikiri."

Nawaambia ukweli wenzangu, sauti yangu mwenyewe ilikuwa imefika kooni. Neno moja lingetosha: nyuma, kulia, Nestor. Lakini neno hilo lingekuwa mkono wangu, na Faustin alikuwa amesema bila mkono wa mtu. MaNgcobo alikuwa amekufa majira ya baridi yaliyotangulia. Nilimfikiria na viatu vyake vya mpira, jinsi alivyokuwa nyuma yangu nami nikidhani nimeachwa. Sijui ilimgharimu nini kunyamaza siku ile. Sikuwahi kumuuliza.

Jeannine aliinua uso. Alikuwa anasikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza. Kisha akaongea kwa sauti ya msusi anayeita mteja kutoka ng'ambo ya soko.

"Batu ya Point! Muko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameahidi kutomwita.

"Munanyamaza sawa vile maiti inapita. Nani amekufa? Mimi niko muzima!" Sauti ilikatika, akaivuta tena. "Nestor! Kwaya yako imefungwa jela? Mama Pendo, leo hakuna mandazi? Fanyeni kazi, tafadhali. Fanyeni kazi na mimi niende kazini."

Nyundo ndiyo iliyoanza. Pigo moja, la woga, kisha la pili. Kisha Mama Pendo akarudisha karai motoni, akatupa madonge ya unga ndani ingawa mafuta yalikuwa hayajashika moto sawasawa, nikamwona anafuta macho kwa kiwiko. Kisha Nestor akaifungua ile spika, na kwa haraka zake akaifungua mpaka mwisho, kwaya ikatoka kama imesukumwa mlangoni. Juu kwenye vibaraza mtu akamgombeza mtoto. Mlango ukabamizwa. Ndoo ikamwagwa.

Jeannine aligeuza kichwa taratibu, upande huu, kisha upande huu, kama mtu anayefungua mapazia asubuhi. Nestor alikuwa ameshapitwa. Nyundo ilikuwa mbele. Aliuacha ukingo, akarudi ukutani, akafika pale upepo unapogonga sikio, akasikiliza magari, akavuka. Alipompita Mama Pendo alisema bila kusimama, "Hayo mandazi yananyonya mafuta." Fundi viatu alipiga nyundo kiatu ambacho nina hakika kilikuwa kimeshatengenezwa. Fimbo ikagusa kizingiti cha saluni.

Nikamwachia Faustin shati. Tukavuka. Tulipoingia, Jeannine alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake mwenyewe, amekishika pande mbili, na Maman Solange, mwenye sauti yote ile, alikuwa hana hata moja.

Faustin alisimama mlangoni. "Mama ataniuliza," akasema. Hakuwa anabisha. Alikuwa anatafuta la kumjibu mama.

"Mwambie niko kazini," Jeannine akajibu. "Funga mlango, yaya, upepo unaingia."

Faustin akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza alikuwa upande wa nje.

Kwa hiyo, mwanafunzi wenu akijifunza njia ya kwake, nendeni mtaani kabla yake, waelezeni watu wasimshike. Kisha, tafadhali, rudini mara ya pili mwaeleze wasinyamaze. Mwambieni fundi apige, muuzaji aite, watoto wapigane kama kawaida. Watu wetu wana heshima nyingi na hawajui mahali pengine pa kuiweka. Wapeni mahali.

Fimbo ya MaNgcobo iko ndani ya kabati, upande wa kushoto. Ncha yake imelika upande mmoja kwa sababu alikuwa akiigeuza kidogo mkononi. Msimwazime mtu, lakini kila Septemba itoeni, mfunge vitambaa machoni ninyi wenyewe, mshuke ufuoni asubuhi. Mwalimu anayesahau siku ile ya kwanza hafai kukaa nyuma ya mtu.

Wiki iliyopita nami nilishuka Point kusukwa, sasa nina muda. Upepo ulikuwa umeanza. Nilisimama kwa Nestor kununua chaja, na kwaya ilikuwa inapigwa kwa nguvu kiasi kwamba alikuwa ananisoma midomo. Nikamwomba apunguze kidogo, tuongee kama watu.

Aliangalia saa ukutani, akaangalia barabarani upande zinakotoka taxi, akatikisa kichwa.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Maman Jeannine bado hajapita."